Mali Bila Daftari, na Maji Pia

Natumaini mitihani imewaacha salama na baridi ya Newcastle haijawamaliza. Mhariri aliniomba niandike "kitu chepesi" kuhusu masomo yangu. Mimi nasomea maji ya chini ya ardhi, na wepesi wake bado sijauona. Basi nitaandika juu ya jambo moja lililonikaa kooni tangu likizo ya mwaka juzi, na mwishoni nitawaomba kitu. Mkiona narefusha, rukeni mwende ukurasa wa mapishi, sitanuna.

Likizo ile nilikwenda kijijini kwa mama, kusini mwa Tanzania. Kijiji sitakitaja, na mgodi wa jirani sitautaja, kwa sababu ushahidi sina, na hilo hasa ndilo ninalotaka kulisema. Pale kijijini kulikuwa na chemchemi. Nimeichota tangu nilipokuwa nabeba kindoo cha lita tano. Safari hii nilikuta tope, na baada ya wiki tope lenyewe likakauka. Akina mama walikuwa wanashuka mpaka mtoni, mwendo wa saa nzima, na hiyo ni kwenda tu. Ukimuuliza yeyote pale kijijini, jibu ni moja: ni mgodi. Wanachimba makaa ya mawe, wanavuta maji kwa pampu usiku na mchana, chemchemi imekufa.

Mkutano ukaitishwa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Kutoka mgodini alikuja kijana mmoja, mhandisi, mpole kabisa. Aliwaamkia wazee wote shikamoo, mmoja mmoja. Akatoa pole kwa shida ya maji. Akasema mvua za misimu miwili zimekuwa haba, na visima vinakauka hata kule ambako hakuna mgodi. Kisha akauliza swali moja tu: "Wazee wangu, kabla sisi hatujaja, maji ya chemchemi yalikuwa kiasi gani?"

Mzee mmoja akajibu, "Mengi."

Watu wakacheka kidogo, halafu pakawa kimya. Mwenyekiti akanigeukia. "Tunaye mtoto wetu hapa, anasomea maji haya haya huko Ulaya. Atusaidie." Nikasimama. Jamani, nilisimama pale na shahada yangu moja na nusu ya pili, nikasema maneno ya kuzungukazunguka, kwa sababu swali la yule kijana lilikuwa swali sahihi na jibu hatukuwa nalo. Mimi sikuwa nalo, kijiji hakikuwa nalo, wilaya haikuwa nalo. Hata yeye hakuwa nalo, ila yeye hakulihitaji. Mkutano ukaisha kwa soda.

Mpaka leo sijui kama mgodi ndio uliokausha ile chemchemi. Huenda ni mgodi. Huenda ni ukame. Huenda ni vyote viwili, kila kimoja na fungu lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeielewa methali hiyo kwa duka na kwa ng'ombe, kwa maji bado.

Basi hoja yangu ni hii. Kokote kwetu patakapochimbwa makaa ya mawe, maji ya ardhini yapimwe kabla ya kuchimba, yapimwe muda wote wa kuchimba, na yapimwe miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Na daftari la vipimo hivyo lisifungiwe ofisini kwa mwenye mgodi. Kijiji kiwe nalo.

Kwa wale ambao si watu wa fani, nieleze kidogo mgodi unafanya nini kwa maji, hasa mgodi wa chini ya ardhi.

Chini ya miguu yetu maji hayakai kama ziwa ndani ya pango. Yamejaa katika vitundu na nyufa za mawe, kama maji yanavyokaa ndani ya sifongo. Makaa nayo yamelala katika tabaka, mara nyingi chini ya tabaka za mawe yenye maji. Ukichimba njia za chini kuyafuata makaa, maji yanaingia. Wachimbaji hawawezi kufanya kazi ndani ya maji, kwa hiyo pampu zinawashwa na hazizimwi. Sasa chukua sahani ya uji, chota katikati. Uji wa pembeni unasogea kujaza shimo. Ndivyo maji ya ardhini yanavyosogea kuelekea mgodini, na usawa wake unashuka kwanza karibu na mgodi, halafu mbali zaidi, mwaka hata mwaka. Tena pale makaa yanapotolewa yote na dari kuachwa idondoke, mawe ya juu yanapasuka, na nyufa zinaweza kuyafikia maji ambayo mwanzoni hayakuwa na njia ya kushuka. Mwenye kisima kifupi ndiye wa kwanza kuona kamba haifiki.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili inakuja mgodi ukifungwa, na hii watu wengi hawaijui. Pampu zinazimwa. Maji yanaanza kupanda tena, polepole, kwa miaka, pengine kwa miongo. Wakati mgodi ulipokuwa mkavu, hewa iliyafikia madini yaitwayo pairaiti, yaani chuma na salfa, yanayokaa pamoja na makaa. Hewa na unyevu vikayageuza kuwa chumvi kali. Maji yanapopanda yanaziyeyusha zile chumvi na kuzibeba, mpaka yanapotokea mahali pa chini kabisa: mtoni, bondeni, au ndani ya mwamba ambao watu wengine wanachota maji ya kunywa. Yakikutana na hewa, kile chuma kinageuka rangi ya chungwa na kufunika mawe ya mto. Samaki hawakai humo. Kampuni nayo imeshaondoka zamani, pengine hata jina lake limekufa.

Haya sikuyasoma kitabuni tu. Tunaishi juu yake hapa hapa.

Wangapi kati yetu wanapanga Heaton? Karibu nusu ya chama! Tunapita Chillingham Road tukibeba mifuko ya mchele na maharage, na hatujui kwamba tarehe 3 Mei 1815 katika mgodi wa Heaton maji yaliyokuwa yamejaa kwenye machimbo ya zamani yalivunja ukuta na kuingia. Walikufa watu 75, wanaume na watoto wa kiume. Ilichukua miezi mingi kuyatoa maji na kuifikia miili. Wenye mgodi walijua kwamba jirani kuna machimbo ya zamani yenye maji. Ambacho hawakukijua kwa uhakika ni yako wapi hasa.

Mtasema hiyo ni 1815, watu walikuwa na mishumaa. Haya, twende 1973. Tarehe 21 Machi mwaka huo, Lofthouse, Yorkshire, wachimbaji walifikia machimbo ya karne ya 19 yaliyojaa maji. Watu saba walikufa. Kilichoniuma zaidi kwenye habari hiyo ni kwamba kumbukumbu za kina cha machimbo yale zilikuwapo, zimehifadhiwa. Hazikutumiwa. Miaka sita baadaye, 1979, Uingereza ikaweka kanuni maalumu za kuzuia maji kuvamia migodi. Kumbe hata daftari likiwapo halitoshi; lazima afike nalo yule anayeamua pa kuchimba.

Na mambo yalipokwenda vizuri kidogo, yalikwendaje? Angalieni pwani ya Durham, nusu saa na ushee kwa treni kutoka hapa. Migodi mikubwa ya mwisho ya upande ule ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uwanja wa mpira wa Sunderland, ule tunaokwenda kupigia kelele, umejengwa juu ya mgodi wa Wearmouth uliofungwa 1993. Pampu za pwani zilipozimwa, maji yakaanza kupanda ndani ya njia za chini ambazo baadhi zinapita hata chini ya bahari. Juu ya makaa upande huo kuna mwamba wa chokaa ambao ndani yake mna maji ya kunywa ya maelfu ya watu. Maji ya mgodi yenye chuma na chumvi yangefika pale, kuyarudisha yalivyokuwa ingekuwa kazi ya vizazi.

Ila kulikuwa na visima vya kupimia. Watu walikuwa wanashusha tepu na kuandika: mwezi huu maji yapo hapa, mwezi ule yamepanda mpaka hapa. Ukizichora zile namba kwenye karatasi unaona mstari unapanda, na unaweza kusema takriban lini utafika kwenye chokaa. Kwa hiyo hawakusubiri. Ikajengwa mitambo ya kuvuta na kusafisha maji ya mgodi, Horden na Dawdon, na inafanya kazi mpaka leo. Msimamizi ni chombo cha serikali kilichoundwa kwa sheria ya 1994 kwa jina la Coal Authority; tangu 2024 kinaitwa Mining Remediation Authority. Nchi nzima kinaendesha mitambo zaidi ya 70 ya namna hiyo. Na kumbukeni, mgodi wa mwisho mkubwa wa chini ya ardhi Uingereza, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Makaa hayatoki tena, lakini gharama ya maji inaendelea na anayelipa ni mlipa kodi. Sisi tunaofanya kazi za usiku na kukatwa kodi tumo katika walipaji! Unabeba boksi, senti kidogo inakwenda kusafisha mgodi wa babu wa mtu mwingine.

Siwapambi Waingereza. Walichafua kwanza, mito ya kaunti nzima ikawa ya chungwa, ndipo wakajifunza. Ninachosema ni kwamba somo lao limeshalipiwa, na si lazima na sisi tulilipie upya.

Sasa niwaambie kupima kwenyewe kukoje, maana watu wakisikia "uangalizi wa maji ya ardhini" wanadhani ni mitambo ya anga za juu.

Siku ya mafunzo kwa vitendo mwalimu wetu alitupeleka kwenye kijiji kimoja cha wachimbaji wa zamani. Mvua ya pembeni, upepo wa kukata masikio. Kwenye uwanja wa majani kuna kifuniko kidogo cha chuma, ukipita huwezi kukiona. Ukikifungua, kuna bomba jembamba linalokwenda chini. Tulishusha tepu yenye kichwa cha chuma; kikigusa maji, kifaa kinalia, pii! Unasoma namba pale kwenye ukingo wa bomba, palepale kila siku, si mara juu ya bomba mara kwenye udongo. Unarudia mara mbili. Unaandika tarehe, saa, kina, jina lako. Basi. Siku hizi wanaacha pia kifaa kidogo ndani ya bomba kinachojirekodia kila saa, lakini mtu bado anakwenda na tepu kukihakiki, maana kifaa nacho hukosea.

Tulipokuwa tunafunika, mzee mmoja akapita na mbwa wake. Hakuuliza sisi ni nani wala tumetoka wapi, jambo ambalo mnajua si la kawaida. Aliuliza: "Leo yako wapi?" Mwalimu akamtajia kina. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia matokeo ya mpira, akaenda zake. Alikuwa mchimbaji, mwalimu akatuambia baadaye. Nilimwonea wivu yule mzee. Mjomba wangu angekuwa na namba moja tu ya namna ile mfukoni siku ya mkutano, yule mhandisi asingemaliza maneno yake kwa urahisi vile.

Ila kisima kimoja hakitoshi, na hapa ndipo penye siri ya swali la kijijini. Unahitaji visima vichache vilivyopangwa kwa akili. Kimoja karibu na mgodi, kingine upande wa juu maji yanakotoka, kingine upande wa chini yanakokwenda. Vingine vifupi, vingine virefu, ili ujue kama ni maji ya juu yanayoshuka au ni yale ya kwenye mawe ya chini. Na kimoja kiwe mbali kabisa, mahali ambapo mgodi hauwezi kufika lakini mvua ni ile ile. Hiki mimi nakiita kisima cha shahidi. Mvua ikiwa haba, visima vyote vinashuka pamoja, na shahidi naye anashuka. Lakini vya jirani na mgodi vikishuka na shahidi akabaki pale pale, hapo hakuna haja ya kupiga kelele chini ya mwembe. Daftari linasema lenyewe. Na likisema kinyume, kwamba ni ukame, kijiji nacho kikubali na kitafute maji mahali pengine badala ya kugombana na mtu asiyehusika. Nasema hivi makusudi: kupima ni kumtendea haki mwenye mgodi pia.

Na vipimo vianze mapema, walau miaka miwili kamili kabla ya kuchimba. Kwa nini miwili? Kwa sababu maji ya ardhini yanapanda masika na kushuka kiangazi, na mwaka mmoja unaweza kuwa wa mvua nyingi au wa njaa. Ukipima mwezi mmoja tu ni sawa na kumpima mtu joto mara moja na kusema umemjua afya yake. Niliwahi kuisoma ripoti moja ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wa nyumbani. Kitabu kizito, Kiingereza kitupu. Sura ya maji ilikuwa na vipimo vya safari moja, mwezi mmoja. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ifanyike, na ikafanyika. Lakini namba ya siku moja haiwezi kujibu swali la yule mhandisi.

Najua pingamizi, maana nilizisikia usiku wa chakula cha chama pale tulipobishana mpaka pilau ikapoa.

Ndugu yangu mmoja kutoka Kenya alisema hivi: "Hawa wamechoma makaa miaka mia mbili, wamejenga reli na vyuo hivi tunavyolipia ada, halafu sisi tukigusa kidogo wanatuletea masharti. Wewe umetumwa?" Sikutumwa. Na uchungu wake nauelewa. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, makaa ya Ruvuma yalisafiri kwa malori mpaka bandari ya Mtwara na kupakiwa meli, mengine yakaja huku huku Ulaya. Wakati uleule wakuu wa huku wanahutubia juu ya hali ya hewa! Unafiki upo. Lakini kisima cha mjomba hakijui unafiki wa nani. Maji yakishuka yameshuka. Mimi sisemi hapa tuchimbe au tusichimbe. Huo ni mjadala mwingine, na wengine wanasema mahakamani. Kule Lamu, Juni 2019, baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapa Uingereza nako mgodi mpya wa chini ya ardhi uliokuwa umekubaliwa Whitehaven Desemba 2022 ulikwama pale Mahakama Kuu ilipoifuta ruhusa yake Septemba 2024. Nasema tu: ukiamua kuchimba, pima.

Pingamizi la pili ni gharama. Tepu ile yenye kulia ni ghali kwa kijiji, sikatai, lakini ni rahisi kuliko tairi moja la lori la mgodini. Visima vya kupimia navyo mwenye mgodi huchimba mashimo mengi ya kutafuta makaa kabla hajaanza kazi; baadhi yangeweza kuachwa na kuwekewa mabomba badala ya kufukiwa yote. Na ukikosa kabisa, kamba yenye mafundo na jiwe inapima. Haitakupa milimita. Lakini kati ya "mengi" na "mita sita na nusu" kuna tofauti kubwa mbele ya hakimu.

La tatu nililisikia kwa mwanafunzi mwenzangu wa uhandisi: kwetu machimbo mengi ni ya wazi, si ya chini ya ardhi, kwa hiyo mambo ya Durham hayatuhusu. Si kweli sana. Shimo la wazi likipita chini ya usawa wa maji linavuta vile vile, na pairaiti haichagui. Tena makaa ya juu yakiisha, anayetaka kuendelea hushuka chini. Ni vizuri daftari limkute.

Na wasioamini kwamba haya yanaweza kufika Afrika watazame Mpumalanga, Afrika Kusini. Januari 2012, baada ya mvua kubwa, maji ya asidi kutoka eneo la migodi ya makaa yaliingia kwenye bwawa la mji wa Carolina. Watu wakawa na mabomba ndani ya nyumba na hawawezi kuyanywa maji yake. Wakasubiri magari ya maji, na mwishowe wakaenda mahakamani. Si mbali na hapo, mji wa eMalahleni, ambao jina lake lina maana ya mahali pa makaa, tangu 2007 una mtambo unaosafisha maji ya migodi ya chini ya ardhi mpaka yananyweka, na mji unayatumia. Mkoa ni ule ule na makaa ni yale yale, ila mtambo wa namna hiyo haujengwi na mtu asiyejua maji yake ni kiasi gani na yanapanda kwa kasi gani.

Hata hapa ng'ambo ya mto, Gateshead, tangu 2023 wanavuta maji ya migodi ya zamani kutoka kina cha kama mita 150, yenye uvuguvugu, na kwa msaada wa mashine wanapasha joto majengo. Maji yaliyoua watu Heaton leo ndugu zake wanawapa watu joto. Lakini asingethubutu mtu kuweka fedha huko bila kujua kina, joto na mwenendo wa maji yale.

Sasa ombi langu. Nilisema nitaomba.

Wengi wetu hapa tunasoma vitu ambavyo vikikutana vinaweza kusaidia: uhandisi, sheria, jiografia, kompyuta, uandishi wa habari. Na wengi tunatoka sehemu ambazo makaa yapo au yanatajwa: Kiwira, Ngaka, Mui kule Kitui ambako maji yenyewe watu wanayafukua mchangani mtoni. Naomba kila mmoja mwenye kwao karibu na mradi wa namna hiyo aulize maswali matatu akipiga simu au akienda likizo. Visima vya kupimia viko wapi? Vilianza kupimwa lini? Daftari naweza kuliona wapi? Muulize mtendaji wa kijiji, muulize ofisa wa bonde la maji, waulize na mgodini kwa heshima. Ukijibiwa "halipo", andika tarehe uliyojibiwa hivyo. Wanasheria watusaidie kujua ni haki gani mwananchi anayo ya kuona vipimo hivyo katika nchi zetu, halafu gazeti hili lichapishe kwa Kiswahili cha kueleweka. Wa kompyuta, tutengenezeeni fomu rahisi ya simu ya kutumia kule kijijini, isiyokula bando.

Mimi nimeanza kwa kidogo. Baada ya mkutano ule nilimnunulia mjomba kamba ya nailoni, tukaipima pamoja kwenye uwanja wa shule, fundo kila nusu mita. Kisima cha shule bado kina maji. Kila Jumapili baada ya ibada mjomba anashusha jiwe, anaandika kwenye daftari la kurasa 96, na kunitumia picha. Mwanzoni majirani walimcheka, wakimwita "bwana maji". Sasa mwalimu wa sayansi anawaleta watoto wa darasa la sita wapime pamoja naye, na mwezi uliopita mama mmoja wa kitongoji cha juu, mbali na mgodi, kakubali kisima chake kiwe shahidi.

Nilimpigia juzi. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Unataka habari zangu au za kisima?"

"Vyote."

"Mimi mzima. Kisima kimeshuka nusu fundo tangu mwezi jana. Cha mama yule hakijashuka. Hii maana yake nini?"

Nikamwambia mwezi mmoja hautoshi kusema kitu, tuendelee mpaka masika yapite, na asimwambie mtu kwamba ni mgodi wala kwamba si mgodi. Akanyamaza kidogo. "Sawa," akasema, "lakini wewe nawe uje upime mwenyewe. Macho yangu hayaoni vizuri fundo la mwisho."

Tiketi nimeshaanza kuidunduliza. Kama kuna mtu wa sheria anapita njia hiyo Julai, tuwasiliane baada ya mkutano wa chama. Nitakaa meza ya nyuma, karibu na chai.